Haki au Madaraka? Historia ya Daftari na Ufunguo katika Taita Taveta, tangu Stesheni ya Voi hadi Seva ya Kaunti

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, nalo ni namna akaunti za watumiaji zinavyofunguliwa, zinavyowekewa mipaka na zinavyofungwa katika seva ya mtandao, pamoja na namna anavyopewa uwezo yule aitwaye msimamizi. Itaonyeshwa kwamba jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Ni sura mpya ya swali la zamani: nani ataandikwa katika daftari, nani atashika ufunguo, na nani atamwangalia mwenye ufunguo?

Eneo lililochaguliwa kwa uchunguzi huu ni Taita Taveta, kaunti ambayo katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na wakazi 340,671, na ambayo mji wake mkubwa ni Voi. Sababu za uchaguzi huo ni mbili. Kwanza, katika muda usiozidi miaka 130 eneo hili limepita katika namna mbalimbali za kutoa idhini: mila ya wazee, kanuni za reli, sheria ya kipande, sefu ya wilaya, na sasa seva ya hazina ya kaunti. Pili, tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, fedha za zahanati, maji na barabara za wakazi hao hupitia katika akaunti za kompyuta. Kwa hiyo kosa katika usimamizi wa akaunti hizo si kosa la ufundi tu. Ni dawa isiyofika Taveta na bomba lisilofika Kasigau.

Hoja kuu ya makala ni moja. Uwezo wa msimamizi wa seva aghalabu huitwa kwa Kiswahili «haki za msimamizi». Inadaiwa hapa kwamba jina hilo limepotosha mambo, na kwamba historia ya Taita Taveta yenyewe inafundisha kuwa jina lifaalo ni madaraka.

2. Maana ya istilahi

Seva ni kompyuta inayohifadhi kazi za watu wengi na kuwahudumia kupitia mtandao. Akaunti ni jina la mtu mmoja katika daftari la seva hiyo, pamoja na orodha ya mambo anayoruhusiwa kuyatenda: kusoma tu, kuandika, kuidhinisha, kufuta. Nywila, au neno la siri, ni ufunguo wa kuthibitisha kwamba anayebisha hodi ndiye mwenye jina. Msimamizi ni yule anayeweza kuandika katika daftari lenyewe. Ndiye anayefungua akaunti na kuifunga, anayepanua mipaka na kuipunguza, na aghalabu anaweza kusoma kila kilichomo.

Neno msimamizi lina asili iliyo wazi: simama, simamia, msimamizi. Ni mtu aliyesimama juu ya kazi ya wengine. Katika mashamba ya mkonge ya Mwatate, Voi na Taveta neno hili lilitumika pamoja na nyapara, nalo halikuwa na utamu mwingi masikioni mwa wakataji mkonge. Hata hivyo, kusimamia si kumiliki. Msimamizi wa mirathi hairithi mirathi hiyo kwa sababu ya kuisimamia, na msimamizi wa shamba haondoki na shamba anapostaafu.

Hapa ndipo tofauti baina ya haki na madaraka inapohitaji kuzingatiwa. Haki ni kitu ambacho mtu anacho bila ya kuomba, akinyimwa, amedhulumiwa. Madaraka ni kitu anachopewa mtu na wengine, kwa kazi maalumu, kwa mipaka na kwa muda, yakiondolewa, hajadhulumiwa. Karani ana haki ya kuona hati ya mshahara wake mwenyewe. Hana haki ya kubadilisha mishahara ya wenzake. Akiruhusiwa kufanya hivyo, amepewa madaraka, naye atadaiwa hesabu. Mambo haya mawili yakiitwa kwa jina moja, si ajabu mtu kuiona akaunti ya msimamizi kuwa mali yake, na kuona uchungu siku inapofungwa kana kwamba amevuliwa nguo hadharani.

3. Fighi: ulinzi bila daftari

Kabla ya kuja kwa utawala wa kigeni, Wataita hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa koo na vitongoji. Miongoni mwa amana zilizotunzwa na wazee hao ulikuwa fighi, yaani msitu mtakatifu uliokuwa kinga ya nchi na watu wake. Haukuingiwa ovyo, wala miti yake haikukatwa. Walioruhusiwa kuingia walikuwa wachache, na waliingia kwa shughuli inayojulikana.

Mambo mawili yanafaa kutajwa juu ya utaratibu huo. La kwanza ni kwamba mzee aliyetunza fighi hakuwa mwenye fighi. Uwezo wake ulitokana na jamii na ulikuwa kwa faida ya jamii. La pili ni kwamba hapakuwa na daftari. Wala halikuhitajika, kwa kuwa kila mtu alimjua mwenziwe kwa sura, kwa ukoo na kwa mwenendo. Kumbukumbu ya watu ndiyo iliyokuwa kitabu.

Utaratibu wa namna hii hufaa pale tu watu wanapojuana. Wageni wakiwa wengi, sura haitoshi tena kuwa kitambulisho. Hali hiyo ilifika Taita pamoja na reli.

4. Stesheni ya Voi: idhini ya watu wawili

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Voi, iliyo kiasi cha kilometa 160 kutoka Mombasa kwa njia ya reli, ilikuwa stesheni kubwa ya mapema. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza umuhimu wake uliongezeka. Mwaka 1915 jeshi la Waingereza lilianza kujenga njia ya kutoka Voi kupitia Maktau, na mwaka uliofuata njia hiyo ikapita Taveta na kuunganishwa na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga hadi Moshi. Tangu hapo Voi ikawa njia panda.

Reli hiyo ilikuwa ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana zikiingia kwa pamoja katika kipande kimoja cha njia, hakuna pa kupishana. Kwa hiyo reli za njia moja zilizoendeshwa kwa waya wa simu zilifuata kanuni ambayo yafaa kuelezwa kwa makini. Mkuu wa stesheni alikuwa bwana mkubwa katika stesheni yake. Alishika funguo, alitunza fedha za tiketi na aliwaamuru wapagazi na makarani. Pamoja na ukubwa huo wote, hakuweza kujiruhusu mwenyewe kuitoa treni. Ilimpasa kumwuliza mwenziwe wa stesheni ya mbele kama njia i wazi, mwenziwe akubali, na wote wawili waandike katika vitabu vyao, kila mmoja kwa mkono wake, namba ya treni na saa ya idhini. Bila ya neno la pili, neno la kwanza halikuwa na nguvu.

Katika kanuni hiyo mna mambo matatu. Madaraka yamegawanywa, hata mtu mmoja asiweze kuleta maafa peke yake. Idhini ni ya safari moja: treni ikifika, idhini imekwisha, na treni ya pili itahitaji idhini yake. Tena kila tendo limeandikwa mahali pawili, hivyo mmoja akifuta kitabu chake, cha mwenziwe kitamsuta. Kanuni hii haikumdhania mkuu wa stesheni kuwa mwizi au mlevi. Ilitambua tu kwamba hata mtu mwema husinzia.

5. Kipande: akaunti isiyo na sauti

Katika miaka hiyo hiyo ilikuja namna nyingine ya daftari, iliyokuwa kinyume cha ile ya reli. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita, kati ya mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alipaswa kuwa na cheti chenye namba yake, alama za vidole na habari za kazi zake. Cheti kiliwekwa ndani ya kikebe cha bati na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Neno kipande, ambalo maana yake ya asili ni sehemu ndogo ya kitu, likachukua maana mpya ambayo haijatoka vinywani mwa Wakenya hata leo, wanapokitaja kitambulisho.

Kipande kilikuwa akaunti kamili: kilikuwa na jina, namba, alama ya mwili isiyoweza kuazimwa, na kumbukumbu ya matendo. Nakala za alama za vidole zilitunzwa Nairobi. Kwa upande wa ufundi hakikuwa na upungufu mkubwa. Ubaya wake ulikuwa katika mgawanyo wa uwezo. Mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi na kiwango cha mshahara, na ni yeye aliyetia saini siku ya kuacha. Mkata mkonge aliyeondoka shambani bila ya saini hiyo alihesabiwa kuwa mtoro, akaweza kukamatwa na kushtakiwa. Asipokuwa na kipande chake alitozwa faini au alifungwa. Lakini mwajiri aliyekataa kutia saini kwa hasira au kwa ubahili hakuwa na mtu wa stesheni ya mbele wa kumwuliza. Mwenye kubeba kumbukumbu hakuweza kuirekebisha, na pengine hakuweza hata kuisoma. Mwenye kuiandika hakuandikwa popote.

Kwa maneno mengine, mwajiri alifanya madaraka kuwa haki yake, naye mfanyakazi akanyang'anywa haki yake ya kujua na kusahihisha yaliyoandikwa juu yake. Ndiyo maana kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenziwe mwaka 1921 na 1922. Katika Taita malalamiko mazito zaidi yalikuwa ya ardhi, nayo yalizaa Taita Hills Association mwaka 1939. Chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 1940 pamoja na Kikuyu Central Association. Mzizi wa malalamiko yote hayo unafanana: uamuzi ulitolewa na mtu asiyeweza kuulizwa. Mwaka 1947 ilipitishwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kikebe cha shingoni kikaanza kuwa historia.

6. Sefu yenye funguo mbili

Kati ya reli na kipande palikuwa na hazina ya wilaya. Ofisi za serikali, kabla na baada ya uhuru wa mwaka 1963, zilitunza fedha katika sefu au chumba imara chenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikuwa kwa ofisa mmoja na wa pili kwa mwingine. Aliyetaka kufungua alihitaji mwenziwe awepo, na fedha zilipohesabiwa zilihesabiwa mbele ya wawili. Ofisa akihamishwa, ufunguo ulikabidhiwa kwa maandishi siku ile ile, na mpokeaji akatia saini.

Utaratibu huu ulikuwa na usumbufu. Mwenye ufunguo wa pili akiwa safarini Taveta, makarani wa Wundanyi walingoja. Wako waliouona usumbufu huo kuwa upumbavu wa kikoloni. Lakini waliofikiri vizuri walijua kwamba kungoja huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe ya kufuli ya pili. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo wasemavyo Waswahili. Na yaweza kuongezwa kwamba daftari lililo mikononi mwa mtu mmoja hupotea pamoja na mali.

7. Nywila na msimamizi mkuu

Kompyuta za mwanzo zilitumiwa na mtu mmoja kwa zamu, kwa hiyo hazikuhitaji akaunti. Haja ilizuka watu wengi walipoanza kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT cha Marekani, Fernando Corbató na wenziwe walionyesha mfumo wa namna hiyo ulioitwa CTSS, na nywila zikatumika ndani yake ili kila mtu awe na hifadhi yake na kipimo chake cha saa. Haukupita muda mrefu kabla ya siri kuvuja. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa utafiti, Allan Scherr, aliyeona saa zake hazimtoshi, aliiomba mashine imchapie faili lenye nywila zote, nayo ikamchapia.

Tukio la mwaka 1966 lina mafunzo zaidi. Wasimamizi wawili walikuwa wakifanya kazi wakati mmoja katika akaunti moja ya mfumo. Mmoja alikuwa akirekebisha salamu inayosomwa na kila mtu anapoingia. Mwingine alikuwa akirekebisha faili la nywila. Programu ya kuandikia ilitumia jina moja la faili la muda kwa wote waliokuwa katika akaunti hiyo, hivyo mafaili mawili yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia siku hiyo alikaribishwa kwa orodha ya nywila za watu wote. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Kosa lilitokana na programu pamoja na desturi ya watu wawili kukaa katika jina moja.

Katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell tangu mwaka 1969, alikuwapo mtumiaji mkuu mwenye namba sifuri, ambaye hakuna mlango uliofungwa mbele yake. Urahisi huo ulipendwa na mafundi, na mifumo mingi ya seva ya leo ina mtu wa namna hiyo. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walitoa makala yaliyoorodhesha kanuni za ulinzi wa habari katika kompyuta. Mbili kati yake zinahusu moja kwa moja mada hii. Ya kwanza yasema kila mtumiaji na kila programu ipewe uwezo mdogo kabisa unaotosha kazi yake, wala si zaidi. Ya pili yasema kufuli inayohitaji funguo mbili ni imara kuliko ya ufunguo mmoja, kwa kuwa funguo zaweza kutunzwa na watu mbalimbali. Msomaji aliyeijua sefu ya wilaya au stesheni ya Voi hatashangazwa na kanuni ya pili. Mkuu wa stesheni aliitii kila siku, bila ya kompyuta.

8. Seva ya kaunti

Mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha za serikali ya Kenya, ujulikanao kwa kifupi kama IFMIS, ulianza kutumika katika wizara mwaka 2003, ukaanza kuundwa upya mwaka 2011, na serikali za kaunti zikaingizwa baada ya uchaguzi wa mwaka 2013. Kwa kanuni zake, anayeomba malipo ana akaunti yake, anayeidhinisha ana yake, na anayelipa ana yake. Juu ya hayo, Katiba ya mwaka 2010 inataka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe utoaji wa fedha katika mfuko wa mapato ya kaunti. Kwenye karatasi, basi, funguo si mbili tu, ni nyingi.

Lakini kufuli za kompyuta zina udhaifu mmoja ambao sefu ya chuma haikuwa nao. Ufunguo wa chuma ukiazimwa, mwenyewe anabaki mikono mitupu na anajua. Nywila ikiazimwa, inabaki kwa wote wawili, na seva haiwezi kuwatenganisha. Mwaka 2015, katika kashfa ya Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa iliyohusu shilingi milioni 791, baadhi ya maofisa walieleza kwamba nywila zao zilitumiwa na watu wengine bila ya idhini yao. Jambo lililo wazi ni kwamba, pale nywila inapoweza kuwa mikononi mwa wengi, jina lililoandikwa katika daftari haliwezi tena kumtia mtu hatiani wala kumwokoa. Mwenye hatia hupata pa kujificha, na asiye na hatia hukosa pa kusimama.

Uazimaji huo hautokani na uovu siku zote. Chukuliwe mfano wa karani wa mapato mjini Voi anayepata habari za msiba nyumbani, wakati ripoti ya siku haijapelekwa. Mwenziwe wa meza ya pili ni jirani yake, pengine ni mkwewe. Kumnyima nywila ni kama kumwambia: sikuamini. Humwandikia katika kipande cha karatasi, na karatasi ikabandikwa chini ya meza, na mwaka ukapita. Desturi njema ya kuazimana jembe na sufuria imeingia mahali isipofaa. Pale ambapo hakuna njia ya haraka ya kumpa mwenziwe madaraka ya muda kwa jina lake mwenyewe, watu watatumia njia iliyopo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta imeufanya ufichuaji wa nywila bila ya mamlaka kuwa kosa. Lakini sheria peke yake haimsaidii karani mwenye msiba.

Kinachosaidia ni utaratibu. Mafundi wenye uzoefu hawagawi uwezo kwa mtu mmoja mmoja kwa kumtazama uso. Hugawa kwa kazi: kikundi cha wapokea mapato, kikundi cha wakaguzi, kikundi cha waidhinishaji. Mtu akihamishwa kutoka Voi kwenda Taveta, hutolewa katika kikundi kimoja na kuingizwa katika kingine, wala habebi mgongoni uwezo wa kila ofisi aliyopita. Akistaafu, akaunti yake hufungwa siku ile ile anayorudisha funguo za mlango. Akenda likizo, anayekaimu hupewa uwezo huo kwa jina lake, wenye tarehe ya kwisha, kama idhini ya treni moja. Msimamizi naye huwa na akaunti mbili. Ya kawaida ni ya barua na kazi za kila siku. Ya usimamizi huingiwa pale tu kazi inapoidai, kisha hutokwa.

Lililo gumu zaidi ni kumwandika msimamizi mwenyewe. Seva huweka kumbukumbu ya matendo, lakini msimamizi mwenye uwezo wote aweza kuifuta kumbukumbu hiyo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Dawa yake ni ile ya vitabu viwili vya reli: kumbukumbu ipelekwe papo hapo katika seva nyingine, iliyo chini ya mtu mwingine, asiyeweza kuamriwa na wa kwanza. Na ikiwa ofisi ni ndogo na ina fundi mmoja tu, kama zilivyo ofisi nyingi za mashambani, nywila ya mtumiaji mkuu iandikwe, itiwe katika bahasha yenye lakiri, na iwekwe ndani ya sefu ya mkuu wa ofisi. Bahasha ikifunguliwa, sababu iandikwe na nywila ibadilishwe. Hivyo fundi akiugua au akifariki, ofisi haifi pamoja naye. Na akiwa mzima, anajua kwamba ofisi inajua.

9. Gharama ya ufunguo wa pili

Haifai kuhitimisha kwamba kila ufunguo unaoongezwa ni baraka. Mwaka 2019 Gavana Granton Samboja na Bunge la Kaunti ya Taita Taveta walivutana juu ya bajeti. Gavana alianzisha ukusanyaji wa saini ili serikali ya kaunti isimamishwe kwa mujibu wa Kifungu cha 192 cha Katiba. Wabunge wa kaunti nao walipiga kura ya kumwondoa, Seneti isiuthibitishe uamuzi wao. Kaunti haikusimamishwa. Huo ni mfano wa kufuli mbili ambazo wenye funguo wamekataa kukutana, huku wananchi wakingoja nje.

Somo lake kwa seva ni kwamba kugawa madaraka kunahitaji njia iliyoandikwa ya kuutatua mgogoro: nani ataamua, kwa muda gani, na wakati wa dharura nani ataruhusiwa kupita, akijua kwamba atahojiwa baadaye. Kugawa bila ya njia hiyo huzaa mkwamo, na mkwamo ndio unaowafundisha makarani kuazimana nywila. Hata hivyo mkwamo una heri moja kuliko wizi: huonekana na kila mtu, na kwa hiyo husemwa.

10. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba wazee wa fighi walikuwa na madaraka bila ya daftari, na walifaulu kwa sababu walijuana. Kwamba reli iligawa idhini kwa watu wawili na vitabu viwili. Kwamba kipande kilikuwa na daftari bora na uadilifu duni, kwa sababu mwandishi wake hakuandikwa. Na kwamba sefu ya wilaya ilikubali kuchelewa ili isipotee. Seva ya leo yaweza kuwa stesheni au kuwa kipande. Chuma na waya wake haviamui lolote. Huamua wale wanaoandika orodha ya nani aweze nini.

Jambo hili linazidi kuwa zito kadiri habari za watu zinavyokusanywa. Abiria anayepanda treni mpya katika stesheni ya Voi, tangu mwaka 2017, huandikwa namba ya kitambulisho chake katika kompyuta asiyoiona. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 imempa haki ya kujua na kusahihisha yaliyoandikwa juu yake, haki ambayo babu yake mwenye kikebe cha bati shingoni hakuwa nayo.

Kwa hiyo yapendekezwa kwa watunga istilahi kwamba neno haki liachiwe abiria huyo, na uwezo wa msimamizi uitwe madaraka ya msimamizi. Badiliko hili la neno moja halitamzuia mwizi. Lakini karani atakayeitwa siku ya kustaafu kuja kufunga akaunti yake atajua analorudisha, na anayempokea atajua anachokabidhiwa. Madaraka hukabidhiwa kwa saini, na wa kwanza kuulizwa hesabu yake ni yule aliyeyashika.